Bajaji, Mama, na uvumilivu wenye kelele

Mbwa wangu jina hakupewa na mimi. Watoto wa mtaani ndio waliompa, siku ya kwanza alipotoka getini na bandeji yake, mguu mmoja mbele, miwili nyuma. "Bajaji! Oneni bajaji!" Nilikuwa nimeshamwandalia jina la heshima zake, lakini huku Goba, Dar es Salaam, jina likishapigiwa kelele na watoto halina rufaa. Hata daftari lake la chanjo linasema hivyo: Bajaji, jike, kahawia. Daktari alicheka kwanza, kisha akaliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kila ninayemsimulia habari zake hunijibu kwa neno moja: uvumilivu. Wenye methali huongeza kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Sikatai. Amevumilia mengi, na ufuko aliuona mbali. Ila uvumilivu niliouona kwake haufanani na ule niliolelewa nao. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwenye nyumba ambayo kuwa na subira ilikuwa ni kufunga mdomo. Unaumwa, nyamaza. Umeonewa, nyamaza, Mungu anaona. Bajaji tangu tumjue hajanyamaza hata siku moja, na ndiye kiumbe mwenye ustahimilivu kuliko wote niliowahi kuishi nao. Nimeliwaza jambo hili muda mrefu, na sasa naliandika.

Aligongwa usiku, na aliyemgonga hakusimama. Asubuhi tukamkuta kwenye mtaro wa maji ya mvua, kifua kimejaa tope, mguu wa kushoto wa mbele umelala pembeni, haumshughulikii. Hakuwa wa mtu. Alikuwa mmoja wa wale mbwa koko wanaozunguka jalala la gengeni, mbavu nje, masikio yamejaa kupe. Watu wakakusanyika, na ushauri ukamwagika bure kama ilivyo desturi yetu. Mmoja alitaka aitwe mtu mwenye bunduki. Mwingine alisema aachwe tu, atajifia mwenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye hakuwa amesema lolote, ndiye aliyeuliza swali la maana: nani ana khanga ya kuchafua?

Nikatoa yangu. Tulimfunika kichwa kwanza, maana mbwa aliyeumia hung'ata hata mkono wa anayemlisha, tukamfunga mdomo kwa kipande cha kitambaa, tukamsogeza polepole juu ya ubao wa kabati bovu. Hata hivyo jino lilishampata yule kijana kidoleni. Hapo sikumbembeleza. Mkono bombani, sabuni, maji yatiririke, dakika 15 kamili, halafu kituo cha afya akaanze sindano. Alinung'unika kwamba ni mkwaruzo tu. Kichaa cha mbwa hakijali ukubwa wa kidonda. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni wengi kati yao. Ukisahau mengine yote ya makala hii, kumbuka bomba na sabuni.

Daktari wa mifugo tuliyempata alisomea Sokoine, pale Morogoro. Ni mtu wa maneno machache, aliyezoea ng'ombe na kuku wa mayai kuliko mbwa wa kuokotwa mtaroni. Alichukua koleo dogo akabana kidole cha mguu ulioumia, akabana kwa nguvu hasa. Bajaji alikuwa anatazama ukutani, na aliendelea kutazama ukutani. Kisha akabana kidole cha mguu mzima, kidogo tu, na ukelele uliotoka pale ulimwamsha paka aliyekuwa amelala mapokezi.

"Mfupa ningeuunga," akasema. "Lakini mguu huu hauna tena habari na mwenyewe."

Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mguuni ilikuwa imeng'oka karibu na bega. Hutokea mbwa anapogongwa na mguu ukavutwa kwa nguvu. Mguu wa namna hiyo hubaki ukiburuzwa, unachubuka juu ya vidole, unaingia vidonda, na mbwa anaweza hata kuanza kuutafuna kwa kuwa hausikii. Nikamuuliza kama anaweza kuukata nusu, abaki japo na kigutu cha kujiegemeza. Akatikisa kichwa. Mbwa hujaribu kukikanyagia kigutu, kinagonga sakafu, kidonda hakifungi. Kwa kawaida mguu wa mbele huondolewa wote, mara nyingi pamoja na mfupa wa bega. Halafu akaniambia lililokuwa zito zaidi: mbwa hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Anayepoteza wa nyuma ana nafuu. Huyu wetu alikuwa anapoteza ule ulio mgumu kuukosa.

Malipo tukakubaliana kwa awamu, na yule kijana wa bodaboda akachangia bila kuombwa. Upasuaji ulikwenda salama. Tuliporudishiwa mgonjwa tulipewa na bahasha ya dawa za maumivu, na kaka yangu, aliyekuja kututembelea siku hiyo, akashangaa. Dawa zote hizo za mbwa? Si atazoea? Daktari hakukasirika. Alimjibu akiwa anaosha mikono, bila hata kugeuka:

"Mbwa mwenye maumivu hajifunzi kutembea. Anajifunza kulala."

Maneno hayo nitayarudia mbele, kwa hiyo yashike. Akaongeza onyo moja ambalo nimekuta wengi hawalijui: dawa za kabatini kwetu si za mbwa. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na hata Panadol usimpe kwa kukisia. Atumie aliyoandikiwa yeye, kwa uzito wake yeye.

Sasa kujifunza kutembea. Nilidhani kazi ingekuwa kumnyanyua. Kumbe kunyanyuka alinyanyuka mapema mno, kesho yake tu baada ya upasuaji, akiyumba na macho bado mazito kwa dawa za usingizi. Daktari alisema ni kawaida, mbwa wengi huinuka mapema hivyo. Wala kukimbia hakukumsumbua sana. Kilichomshinda ni kusimama tuli. Akikimbia, ule mguu mmoja wa mbele unatua, ya nyuma inakuja kumpokea, na mwendo wenyewe unamshikilia. Akisimama hakuna cha kumshikilia. Basi alikuwa anafyatuka uani kwa kasi ya kutisha, anafika kwenye bakuli la maji, anasimama, anainamisha kichwa anywe, uzito wote unakwenda mbele, pua inazama majini mpaka machoni. Anaruka nyuma, anapiga chafya, anajitikisa, kisha analibwekea bakuli.

Nasema kweli, alilibwekea bakuli. Kwa hasira, kwa sauti ya juu, akilizunguka. Halafu anajaribu tena na anazama tena.

Mimi nikaanza kukusanya matofali ili nilinyanyue bakuli. Nilipomaliza ujenzi wangu nikamwita aje aone. Alikuja, akanusa matofali, akaenda zake kwenye beseni la kufulia lililokuwa chini, akajilaza kifudifudi, akanywa kwa raha akiwa amelala. Mpaka leo anakunywa hivyo. Kula pia. Hakuna aliyemfundisha, na matofali yangu nimeyatumia kuzungushia mchicha.

Haja kubwa ilikuwa na mambo yake. Mbwa akichuchumaa huegemea miguu ya mbele, na yeye alikuwa nao mmoja. Suluhisho lake lilikuwa kufanya huku anatembea, hatua fupi fupi, mgongo umepinda, uso wa mtu anayefikiria deni. Watoto walianguka kwa kicheko. Yeye alimaliza shughuli yake akaondoka.

Polepole mwili wenyewe ukaanza kujipanga upya. Nilikaa kibarazani jioni nikautazama ule mguu uliobaki ukihama. Mwanzoni ulikuwa unatua pale pale mguu wa kulia unapotakiwa kutua, na kila ukitua mwili ulikuwa unaangukia kushoto. Baada ya wiki kadhaa ulikuwa unatua katikati ya kifua. Shingo ikanenepa kwa kazi, maana kichwa ndicho kilichokuwa kinampa mizani: kinapanda mguu ukiwa hewani, kinashuka ukitua. Mkia nao ukawa unapiga kushoto na kulia kumnyoosha kwenye kona. Vigae vya kibarazani ndivyo vilivyokuwa adui, hasa vikilowa, kwa hiyo tukatandika mipira ya kufutia miguu kuanzia ngazi hadi mlangoni. Ukiwa na mbwa wa miguu mitatu, anza na sakafu.

Kisha ikaja homa ya kupe na kumrudisha karibu mwanzo. Ufizi ukapauka, pua ikatoka damu, akawa hataki kuinuka. Wale kupe wa jalalani walikuwa wamemwachia zawadi mwilini kabla hatujawatoa. Tiba yake ni doxycycline kwa muda wa wiki nne hivi, na wiki nne za vidonge kwa Bajaji zilikuwa vita. Nilificha kidonge ndani ya dagaa, akala dagaa akatema kidonge. Nilikisaga kwenye mchuzi, akamwaga mchuzi. Nilipomshika taya alinguruma, akanionyesha meno yote aliyonayo, na alipokimeza alinipa mgongo mpaka jioni. Mgonjwa mbaya kupita kiasi. Lakini asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni ananisubiri, mkia unapiga kwenye mbao, hana kumbukumbu ya ugomvi.

Alipopata nguvu tukaanza kwenda naye gengeni. Si mbali, ila kwake ilikuwa safari, kwa sababu mbwa wa miguu mitatu huchoka haraka kuliko anavyotaka kuonekana. Akichoka hakuwa anapunguza mwendo kwa adabu. Alikuwa analala. Hapo hapo, katikati ya njia, ulimi nje. Bodaboda zinapiga honi, mwenye mkokoteni wa maji anatukana, yeye kalala. Watoto wakawa wanamzunguka wanaelekeza magari, kazi waliyoipenda mno. Nilijaribu kumvuta, nikajaribu kumbembeleza kwa kipande cha maandazi. Hakuna aliyewahi kumwambia mbwa huyu kwamba akilala ameshindwa, kwa hiyo alilala mpaka pumzi ikakaa sawa, kisha akainuka bila kutuaga na kuendelea mbele.

Wakati huo ndipo Mama alipoteleza bafuni kule Tanga.

Ulivunjika mfupa wa paja, pale juu kabisa unapoingia kwenye nyonga. Akaletwa Dar es Salaam, akawekewa nyonga ya bandia, akaruhusiwa kuja kwangu na waka, ile fremu ya chuma ya kutembelea, na orodha ya masharti: asikae kwenye kigoda kifupi, asiinamie chini kuokota kitu, asipishanishe miguu, asali akiwa kitini, na atembee. Hilo la mwisho lilipigiwa mstari. Atembee kila siku, japo kidogo, maana mtu mzima aliyevunjika nyonga akilala kitandani huandamwa na mengine, damu kuganda miguuni, kifua, vidonda vya mgongoni.

Alipoingia getini akamwona Bajaji, akasimama na waka yake.

"Mwanangu. Na hili?"

Mama ni mtu wa pwani na ni Mshafii, Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, kama wengi wetu kule. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina mjadala na sikulijadili. Tukakubaliana mpaka: ngazi ya chini kabisa ya kibaraza. Mama juu, mbwa chini. Bajaji aliuelewa mpaka ule baada ya kukemewa mara chache. Alilala chini ya ngazi, kidevu juu ya kizingiti, akimtazama Mama siku nzima, na Mama akimtazama yeye. Hakumgusa, na mpaka leo hajamgusa. Lakini mtoto wa jirani alipomtupia jiwe, Mama alimwita akamkalisha akamsomea hadithi nzima ya yule mtu aliyeshuka kisimani kunywa maji, akapanda akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akarudi kisimani akajaza kiatu chake maji akakibeba kwa meno, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mtoto aliondoka kichwa chini.

Ijumaa moja alikuwa kibarazani anasoma Suratul Kahf kama ada yake. Alipofika aya ya 18, pale mbwa wa vijana wa pangoni alipolala amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, akanyamaza, akatazama chini ya ngazi.

"Yule alikuwa na miwili," akasema. "Huyu wako kwa mmoja tu keshapata kibaraza."

Mazoezi ndiyo yaliyokuwa shida. Kijana wa fizio, wa mazoezi ya viungo, alikuja nyumbani na karatasi zake, mpole, anayejua kazi.

"Shikamoo, bibi. Maumivu leo, kutoka sifuri hadi kumi, yako ngapi?"

"Marahaba. Alhamdulillah."

"Alhamdulillah ni ngapi, bibi?"

"Ni alhamdulillah, mwanangu."

Akaandika sifuri. Angeandika nini? Kisha akamwomba asimame, na Mama akasema leo amechoka, kesho inshallah. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Nilikuwa nimesimama pembeni na niliona jasho juu ya mdomo wake, na vidole vilivyokamata mkono wa kiti mpaka vikapauka. Lakini karatasi ilisema sifuri, na daktari anayesoma sifuri hana sababu ya kubadili dawa. Mama akazidi kulala. Kila aliyekuja kumjulia hali alimsifu, "Mama ana subira huyu!" na sifa hiyo ikamfunga mdomo zaidi. Mimi maneno ya yule daktari wa mifugo yalikuwa yananiwasha ulimini, mwenye maumivu hajifunzi kutembea, anajifunza kulala. Lakini wewe ungeanzaje kumwambia mama yako mzazi kwamba jambo hili umelisikia likisemwa juu ya mbwa?

Sikulazimika. Bajaji alikanyaga mwiba wa mchongoma.

Mbwa wa miguu minne akichomwa huukunja mguu akachechemea kwa mitatu. Yeye mwiba ulimwingia kwenye ule mguu wa mbele, wa pekee, ambao hawezi kuukunja akaendelea kusimama. Basi akakaa kwa matako katikati ya uwanja, akauinua mguu hewani na kulia. Si kilio cha kujizuia. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Nilitoka jikoni na kibano, nikamgeuza unyayo. Mwiba ulikuwa umezama kati ya nyama laini za unyayo, umebaki ncha. Alitetemeka, akanipulizia pumzi za moto usoni, akatoa meno, hakuniuma. Nikauvuta. Ukatoka mzima, wenye urefu wa ukucha. Kelele zikakatika papo hapo. Akajilamba mara mbili tatu, akaujaribu mguu chini, akaenda kufukuza kuku wa jirani.

Mama alikuwa ameona yote kutoka kitini.

"Huyu hana haya," akasema.

Nikacheka, nikaingia na kibano changu ndani. Nikiwa nakiosha nikamsikia akiongeza, polepole, wala hakuwa anasema na mimi:

"Lakini mwiba umetoka."

Kijana wa fizio alipokuja tena na swali lake, Mama alikaa kimya muda, akivuta ncha ya mtandio. "Saba," akasema. "Usiku nane." Kijana akainua macho kwenye karatasi, akapiga simu pale pale. Dawa ikabadilishwa na saa za kumeza zikapangwa ili impate kabla ya mazoezi, si baada. Wiki hiyo Mama alifika mlangoni. Baadaye akafika getini, akiwa na waka, Bajaji akimfuata kwa umbali wa kisharia.

Sisemi kwamba mbwa alimponya Mama. Nyonga iliwekwa na madaktari, na waliomtembeza ni kijana yule na vidonge. Wala Mama hakubadilika akawa mtu mwingine: wageni wakija alikuwa sifuri tena, alhamdulillah, karibuni chai. Lakini akiwa na wale wanaoweza kufanya jambo, akawa anasema namba.

Tangu hapo nimeanza kuitazama kwa jicho jingine hii sifa tunayoigawa kwa urahisi. Kuna watu wanaupenda sana uvumilivu wa wenzao. Novemba 3 mwaka 1957 Wasovieti walirusha chombo cha anga, Sputnik 2, na ndani yake alikuwamo mbwa aliyeitwa Laika. Hakuwa wa nasaba. Aliokotwa mitaani Moscow, kama wenzake wengi waliofundishwa naye, kwa hoja kwamba mbwa wa mitaani ameshazoea njaa na baridi, kwa hiyo atastahimili. Walimzoesha vyumba vilivyozidi kuwa vidogo, na alistahimili. Chombo hakikuwa na namna ya kumrudisha, na waliomrusha walilijua hilo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi dunia iliambiwa aliishi siku kadhaa huko juu; mwaka 2002 ndipo ilipoelezwa hadharani kwamba alikufa saa chache tu baada ya kuruka, kwa joto. Oleg Gazenko, mmoja wa wanasayansi waliomwandaa, alisema mwaka 1998 kwamba anajuta, na kwamba hawakujifunza cha kutosha kuhalalisha kifo cha mbwa yule.

Mimi kinachonikaa rohoni katika kisa hicho ni vigezo vya usaili. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa ameshateseka vizuri. Sina haja ya kwenda Moscow kuona hesabu hiyo ikipigwa. Dada wa kazi asiyelipwa miezi kadhaa husifiwa hivyo hivyo, "mvumilivu, hana neno." Mke wa mtu huambiwa hivyo na kikao kizima cha wazee, chai ikinywewa. Mwalimu wa kujitolea, mlinzi wa usiku, mke wa pili aliyefanywa mjakazi. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, na ukimtazama vizuri anayeisema, mara nyingi shamba ni lake.

Mbwa wangu angefeli usaili ule. Angebweka ndani ya kile chumba kidogo mpaka wamtoe. Na bado huyo huyo ndiye aliyezama puani kwenye bakuli mara zisizohesabika akarudi, aliyerudishwa mwanzo na homa ya kupe akaanza tena, ambaye hadi leo kila asubuhi hushuka ngazi ya kwanza kwa kusitasita, anapima, anaguna, anashuka. Kuguna hakumpunguzii chochote. Nimefikia kuamini ndiko kunakomshusha.

Bajaji sasa ana umri wa kutosha kuitwa shangazi. Amefungwa kizazi, anachanjwa kichaa kila mwaka, na kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mimi na watoto wa mtaa tunapita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wenye mbwa, kwa sababu wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Yeye huenda mbele. Ni tangazo zuri kuliko karatasi, maana hakuna asiyetoka nje kumtazama.

Tatizo letu la sasa ni unene. Kwa mbwa wa miguu minne kilo mbili za ziada ni kilo mbili. Kwake zinatua zote kwenye kiwiko kimoja na kifundo kimoja kila hatua, na daktari alipomminya kile kifundo mara ya mwisho hakupenda alichokisikia. Akakata chakula: dona nusu ya zamani, dagaa kiasi, mifupa ya kuku marufuku kabisa, na maandazi ya gengeni yaishe. Watoto wameapa hawamlishi tena, na sijawahi kuona kiapo chenye makombo mengi namna ile.

Bajaji hakuafiki. Saa kumi na mbili jioni analala kifudifudi mbele ya bakuli lake la bati, analipiga kwa mguu, linagonga ukuta, analifuata analipiga tena, na katikati ya mapigo anatoa sauti ambayo mgeni akiisikia atadhani pana msiba. Juzi ilimkuta Mama hewani. Alisharudi Tanga, anatembea na mkongojo, na hunipigia wakati huo kila siku.

"Nini hicho?"

"Bajaji, Mama. Ana njaa."

"Basi mpe chakula. Mbona unamtesa?"

Nikamweleza habari za kifundo, uzito na amri ya daktari. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nyuma yangu bakuli likagonga ukuta.

"Na huyo daktari wako," akasema Mama, "yeye mwenyewe kamuuliza ni ngapi?"